Nambari Kumi na Nane Ina Watu

Nyumba nambari kumi na nane ilikaa tupu miaka miwili na miezi mitatu, na yeyote atakayekuambia kwamba nyumba tupu haina kelele, mwambie aende akaishi jirani nayo. Philister Awiti aliishi jirani nayo. Tena si ujirani wa kuvuka barabara na kupungiana mkono. Nyumba za mtaa wa Mivinje, huko nyuma ya Woodley, zilijengwa mbili mbili, zikigawana ukuta mmoja, paa moja la vigae na bomba moja la maji, hivi kwamba ukikohoa upande huu unapewa pole kutoka upande ule. Basi kwa miaka miwili na miezi mitatu Philister alikohoa na hakuna aliyempa pole, na jambo hilo lilimkasirisha kuliko unavyodhani.

Mwenyewe alikuwa mtu wa hasira za karibu. Kwenye duka la sare za shule la Vasant, pale Biashara Street, alikoshona kaptura na sketi, mafundi wenzake walimwita Pasi kwa sababu hawakuwahi kumkuta amepoa. Na katika mambo yote ya dunia hii, hakuna lililompandisha kama habari ya nyumba. Mumewe Odero alipofariki mwaka wa themanini na nne, Bodi ya Nyumba za Umma, ambayo mtaa mzima uliita Bodi tu, ilitaka kumtoa nambari kumi na saba kwa kuwa jina lililokuwa kitabuni lilikuwa la marehemu. Matanga hayajaisha, barua ya kuhama imefika! Alipigana nao miaka miwili, ofisi hii na ile, mpaka wakaandika jina lake. Tangu hapo akawa hawaamini hata wakimwambia leo ni Jumatatu.

Nambari kumi na nane alikuwa akiishi Gurdeep Singh, fundi wa mbao, na mkewe Gurmeet. Miaka kumi na tisa waliishi hapo. Waligombana na kina Philister juu ya maji, wakapatana juu ya chapati, watoto wao wakaambukizana tetekuwanga. Desemba ya mwaka wa tisini wazee hao wakaamua kumfuata mwana wao Uingereza. Siku ya kuondoka Gurmeet alilia pale kwenye ua wa miiba ya kayaba, kisha akamtia Philister mkononi chupa ya achari na ufunguo wa mlango wa nyuma.

"Dada, funguo ya mbele Bodi nachukua. Hii hapana ambia mtu. Wewe naangalia nyumba. Nyumba bila mtu nakufa haraka."

"Enda salama, dada yangu. Wiki mbili tu hapa patakuwa na watu."

Wiki mbili! Mungu amsamehe.

Lakini alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mtu aliyefuata kwenye laini ya kupewa nyumba Mivinje alikuwa Wangu, na Wangu alikaa cherehani ya pili kutoka yake pale kwa Vasant. Walikuwa wameshona bega kwa bega miaka kumi na mmoja. Wangu alikuwa na watoto wanne na chumba kimoja huko Kawangware, chumba ambacho ukitaka kugeuka kitandani inabidi muafikiane wote watano. Jina lake lilikuwa kwa Bodi tangu themanini na moja. Barua alikuwa nayo, ina mhuri, ameikunja ndani ya Biblia kwenye kitabu cha Zaburi, na maneno yake yalikuwa wazi: nyumba ya kwanza itakayoachwa Mivinje ni yako, baada ya kukaguliwa na kuonekana inafaa.

Baada ya kukaguliwa. Hapo ndipo shetani alipojikunyata. Sheria ya Bodi ilikuwa kwamba nyumba ikiachwa, inspekta aje aikague. Akikuta mifereji ya bomba iko, vioo viko, milango inafunga, basi mpangaji mpya anapewa ufunguo. Akikuta kimepungua kitu, nyumba inaandikwa kwenye kitabu cha matengenezo, na kitabu hicho kilikuwa kaburi. Nambari tano ilikuwa humo tangu themanini na saba kwa ajili ya choo kilichopasuka, na sasa mpapai ulikuwa umeota jikoni ukachungulia dirishani.

Unaweza kuuliza kwa nini Wangu asiingie tu, ufunguo wa nyuma si upo? Philister naye aliuliza. Wangu, ambaye siku zote alimwita kwa jina la mwanawe, akamtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Mama Akeyo, wale wa nambari tisa si waliingia bila barua? Walitupwa nje na vyombo vyao, na jina likakatwa kwa laini maisha yao yote. Nimengoja miaka yote hii kama mtu mwenye haki. Sasa niingie kama panya?"

"Basi tutaichunga mpaka wakague," Philister akasema. "Wewe lete watoto tu siku hiyo. Nyumba niachie mimi."

Hivyo ndivyo alivyojitwika mzigo huo, kwa kinywa chake mwenyewe.

Kila mwisho wa mwezi, saa ya chakula, wawili hao walikuwa wakitoka Biashara Street na sindano bado zimechomekwa kifuani, wanavuka mjini hadi ofisi ya Bodi, wanapanda ngazi tatu, wanapanga foleni mbele ya dirisha la karani mmoja aliyeitwa Kivuva. Kivuva hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa afadhali angekuwa mbaya, maana mtu mbaya unamjua pa kumpiga. Yeye alikuwa mpole, mwenye sweta ya kufumwa, na kila mwezi alikuwa na jibu jipya.

"Inspekta hana gari, mama."

Mwezi uliofuata: "Gari liko, halina petroli."

Mwezi uliofuata: "Petroli iko, lakini dereva ameenda likizo. Subira huvuta heri, mama."

"Heri ya nani?" Philister akafoka, mpaka watu wa foleni wakageuka. "Huyu ana watoto wanne wanaolala kama kuni kwenye tita! Nyumba iko hapo, imefungwa kufuli, panya ndio wanakaa raha mustarehe! Kwani nyie mlijenga nyumba za panya?"

"Mimi nimeandikwa tu hapa, mama. Faili iko kwa bosi."

Wangu alikuwa akimvuta kwa gauni. "Twende, Mama Akeyo. Ukimkasirisha ataficha faili." Naye Philister alishuka ngazi akizitukana ngazi zenyewe.

Aprili ya mwaka wa tisini na moja, Jumamosi moja ya mvua, alitoka sokoni akakuta pikapu mbele ya nambari kumi na nane na wanaume watatu wanang'oa geti. Aliwauliza ni akina nani. Wakamjibu kwa adabu zote kwamba wao ni watu wa Bodi, wametumwa kutengeneza. Na yeye, Philister Awiti, asiyemwamini mtu, alifurahi. Aliwapisha! Alifikiri hatimaye wanaitayarisha nyumba. Akawapikia hata chai. Wakanywa chai yake, wakachukua geti, wakafungua mlango wa nyuma kwa waya, wakachukua sinki la jikoni, wakang'oa mifereji miwili, wakaondoka wakimpungia mkono.

Maji yalitiririka mchana kutwa humo ndani. Yalipopata njia yakaja kwake kupitia ukutani, na jioni plasta ya chumba chake cha kulala ikaanguka kitandani, beseni zima. Alikaa juu ya kiti akiutazama ule udongo ulioloa juu ya shuka zake na akalia kwa hasira, si kwa huzuni. Wezi walikuwa wamemchekea usoni, kwa jina la Bodi, wakiwa na vikombe vyake mkononi.

Yeye na Wangu ndio waliorudisha vitu. Mifereji waliinunua Kirinyaga Road, sinki wakalipata Gikomba lenye ufa kidogo, fundi akaja akafunga, akipitia mlango wa nyuma kama mwizi. Kufuli la Bodi mlangoni mbele lilikuwa linang'aa bado. Na Philister akaapa kwamba hakuna mtu atakayeng'oa hata msumari tena pale.

Kwao, huko Ugenya, boma likihamwa likakosa moto huitwa gunda, na kila mtu anajua kwamba gunda halikai bure. Wasipoingia watu huingia nyoka. Dawa yake ni moto na sauti za watu. Basi akaamua kwamba nambari kumi na nane itakuwa na watu, hata kama watu wenyewe hawapo.

Alianza na mapazia, aliyoyashona kwa mabaki ya vitambaa vya sare, dirisha moja khaki, jingine buluu. Kisha akatoa viatu vya mvua vya marehemu Odero, saizi kumi na moja, akaviweka mlangoni. Viatu vikubwa hivyo vilikuwa na heshima yake. Mtu akiviona anafikiria kwanza. Kwenye kamba ya nguo alianika mashati na nepi, akizibadilisha kila baada ya siku mbili. Jioni alikuwa akiwasha jiko lake nyuma ya nambari kumi na nane badala ya kwake, moshi upande juu ya paa, na huku akipika anaongea na ukuta kwa sauti.

"Mama watoto, umemwogesha huyo? Aah, muache alie, atanyamaza!"

Mtaa uliposhika maana yake, ukaingia mchezoni. Mzee Zedekiah wa nambari kumi na tisa, mwalimu mstaafu asiyecheka ovyo, alikuwa akipita pale anainua kofia.

"Hawajambo humo?"

"Hawajambo, mwalimu, ila mama ana mafua."

"Mpe pole yangu."

Na mgeni yeyote aliyeuliza, kila mtu wa Mivinje, mpaka watoto wa nasari, alijua jibu alilolitunga Philister: "Wako watu. Mwenyewe ni polisi, tena mkubwa. Amelala saa hii, usimwamshe." Ungewaona walivyokuwa wakitoweka! Pikapu ilirudi mara mbili. Mara ya kwanza ilipunguza mwendo, ya pili haikupunguza.

Wangu alikuwa akija Jumapili baada ya kanisa. Anafagia, anapangusa vioo, anasimama katikati ya chumba kidogo na kupima kwa hatua. Hapa kitanda cha Njambi, hapa cha wavulana, kabati hapa. Njambi alikuwa binti yake mkubwa, ameanza sekondari, na hapo Kawangware alikuwa akisomea chini ya meza kwa sababu juu ya meza ndugu zake walikuwa wamelala. "Hapa atakuwa na dirisha lake," Wangu alikuwa akisema, akiligusa. Halafu anafunga mlango wa nyuma, anarudisha ufunguo kwa Philister, anaenda zake kwa miguu.

Sasa sikiliza mambo ya Februari ya tisini na tatu.

Ilikuwa Jumamosi tena. Philister alikuwa uani anafua, mikono ina povu hadi kwenye viwiko. Pikapu ya buluu isiyo na maandishi yoyote ikasimama mbele ya nambari kumi na nane. Akashuka mwanamume mmoja kijana, amevaa suruali ya jinzi, ana daftari dogo mkononi. Akatazama paa. Akatazama madirisha, moja moja, akihesabu vioo kwa kalamu. Akazunguka upande wa bomba. Philister akaacha kufua. Wamerudi, akajiambia. Leo wamekuja kupiga hesabu kwanza.

"Sasa, mama," yule mtu akasalimu. "Hii nyumba iko na watu?"

"Kwani macho yako yako wapi? Hujaona nguo?"

"Nimeona. Nauliza ni nani anakaa hapa."

"Na wewe ni nani unayeuliza?"

"Naitwa Muchiri. Mimi ni mtu wa Bodi."

Lo! Heri angesema ni mtu wa shetani. Damu ilimpanda Philister mpaka masikio yakavuma. Mtu wa Bodi! Hata wale walikuwa watu wa Bodi, na chai yake walikunywa.

"Kitambulisho kiko wapi?"

Kijana akajipapasa mfuko wa shati, kisha wa nyuma. "Nimeacha kwa ofisi, mama. Si unajua leo ni Jumamosi."

"Nyote huviacha ofisini!" Philister akaurusha mkono, povu likamrukia Muchiri kifuani. "Haya, andika basi, kwa vile umekuja na daftari. Hapa anakaa polisi. Mkubwa! Yeye na mkewe na watoto wanne. Wamekaa karibu miaka miwili, na hawajawahi kukosa siku moja."

Kijana akaandika, taratibu, kama mtu aliyeona ajabu. "Hiyo haiko kwa karatasi zangu. Una uhakika, mama?"

"Mimi ndiye jirani, ukuta wetu ni mmoja. Nisipokuwa na uhakika mimi, atakuwa nao nani? Mwalimu!" akaita ng'ambo ya ua. "Humu kuna watu au hakuna?"

"Wako," Mzee Zedekiah akajibu bila kuinua macho kwenye gazeti. "Ila mama ana mafua."

"Umesikia? Sasa andika jina langu pia. Philister Awiti, nambari kumi na saba. Tena lete hicho kitabu nitie sahihi! Uwapelekee hao waliokutuma, wajue nyumba hii ina macho!"

Muchiri akasita, kisha akamgeuzia daftari. Philister akajifuta mkono kwenye leso na kutia sahihi, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Kijana akashukuru. Alishukuru kwa dhati, hilo ndilo Philister alilokuja kulikumbuka baadaye. "Asante, mama, umenipunguzia kazi," alisema, akapanda pikapu akaenda.

Jumatatu alimsimulia Wangu hadithi yote huku cherehani zinanguruma, povu, sahihi na mafua ya mama, na Wangu alicheka mpaka akatoboa kidole kwa sindano. "Umemkomesha!" akasema. "Huyo hatarudi."

Hakurudi. Kilichokuja ni tangazo.

Lilibandikwa Machi, Ijumaa, kwenye mlango wa ofisi ndogo ya mtaa. Bodi imeamua kuuza nyumba zote za Mivinje kwa wapangaji wanaoishi ndani yake, kama zilivyokaguliwa. Laini ya kungoja imefungwa. Chini yake kulikuwa na orodha. Watu walikuwa wamejaa pale, wanashangilia, wanakumbatiana. Philister akajipenyeza, akapitisha kidole. Kumi na saba: P. Awiti. Alikaribia kupiga kigelegele. Miaka yote ile ya vita, na sasa nyumba itakuwa yake, hakuna wa kumletea barua tena.

Kidole kikashuka mstari mmoja. Kumi na nane: jina la mtu ambaye Mivinje haikuwahi kumwona hata kisogo. Na mbele ya jina, kwa taipu: ofisa wa polisi, mpangaji tangu 1991.

Alisoma mara tatu. Ofisa wa polisi. Akashika mlango. Wahenga walisema ulimi uliponza kichwa, lakini hawakusema lolote juu ya ulimi unaoponza kichwa cha mwenzio.

Alikaa na jambo hilo Jumamosi na Jumapili. Wangu alipokuja kufagia, Philister alijifanya mgonjwa, akampa ufunguo kupitia dirishani. Alimsikia ukutani akiimba wimbo wa kanisani huku akipiga deki, na hakuwa na ujasiri wa kutoka. Ndiyo, huyo Pasi asiyepoa aliogopa mwanamke mwenye ufagio. Jumatatu, kabla Vasant hajafungua milango yote, akamwambia.

Wangu alisimamisha cherehani. "Sema tena. Pole pole."

Philister akasema tena.

"Na ulitia sahihi."

"Nilitia sahihi."

"Mlango ungefunguliwa," Wangu akasema, "huyo mtu wa Bodi angeona hakuna hata kijiko ndani. Ungenyamaza tu, angetafuta ufunguo wake, angefungua, angeona mifereji iko, vioo viko. Ungenyamaza tu, Mama Akeyo! Mara moja maishani mwako!"

Hakupaza sauti, na duka zima likasikia. Kisha akajifunga leso, akatoa Biblia kwenye mkoba, akatoka. Philister akamfuata. Vasant aliwaita kutoka kaunta, "Kwenda wapi, mama? Kazi iko!" lakini wawili hao walikuwa tayari barabarani.

Mbele ya dirisha la Kivuva kulikuwa na foleni ndefu ya watu waliokuja na furaha zao za kununua nyumba. Philister hakupanga. Alipita wote, akapiga kioo kwa kiganja.

"Nambari kumi na nane! Toa faili!"

Kivuva alipowaona wote wawili, alivua miwani. Faili haikuwa kwa bosi siku hiyo. Ilikuwa mezani pake. Akaifungua, akawageuzia ukurasa uliobandikwa ndani. Ulikuwa umetobolewa na kalamu mahali pa sahihi.

"Huyo kijana," Philister akasema. "Huyo alikuwa nani?"

"Muchiri? Ni inspekta. Ndiye huyo mlikuwa mkimngoja." Kivuva alisema bila kejeli, na hiyo ndiyo iliyouma. "Miaka miwili mliomba aje. Si alikuja?"

Kutoka nyuma mtu wa foleni alicheka. Philister akageuka, akamtazama mpaka kicheko kikamfia mdomoni.

"Sasa sikiza, Kivuva. Pale hakuna polisi. Hakujawahi kuwa na polisi. Ni mimi niliyetunga kwa ajili ya wezi, kwa sababu nyinyi hamkuja! Nepi ni zangu, viatu ni vya marehemu mume wangu. Sasa huyu mwenye jina ni nani? Mwiteni hapa aniambie choo kiko upande gani!"

Kivuva akasogea karibu na kioo, akashusha sauti. "Mama, nyumba ikirudi na ripoti kwamba ina mtu, na kwetu kitabuni haina, basi jina hutafutwa. Na halitafutwi kwa dirisha hili. Hutafutwa huko juu. Wewe uliwapa kila kitu, wakajaza jina tu."

"Basi andika kwamba nilidanganya."

"Mama."

"Andika! Una mikono au huna?"

Akatoa fomu, akaisukuma chini ya kioo pamoja na kalamu, lakini kidole chake kikabaki juu ya karatasi. "Soma hapa kwanza, kanuni ya tisa. Mpangaji akitoa habari za uongo kwa ofisa wa Bodi, ananyang'anywa nyumba. Ukisaini hii, kumi na saba sio yako tena. Na hiyo ya kununua umeiaga."

Philister akaitazama ile karatasi. Akaona chumba ambamo Odero alikata roho, na plasta aliyoipaka upya kwa mikono yake, na ile miaka miwili ya kupanda ngazi hizi hizi akiwa amevaa nguo za matanga. Aliwachukia wote. Alimchukia mwenye jina, na wa huko juu, na Kivuva na sweta yake, na zaidi ya wote alilichukia domo lake mwenyewe. Akaichukua kalamu.

Mkono wa Wangu ukamkamata kifundo.

"Weka chini."

"Niache. Mimi ndiye niliyekuharibia."

"Weka chini hiyo kalamu, Philister." Miaka yote ile alikuwa akimwita Mama Akeyo. Kisha Wangu akainama kwenye kioo, akamwuliza Kivuva, "Huyu akisaini, kumi na nane inarudi kwangu?"

Kivuva akaangalia meza. "Laini imefungwa, mama. Haiwezi kurudi."

"Na kumi na saba?"

"Itakuwa wazi."

"Atapewa nani?"

Kivuva akavaa miwani yake.

"Umesikia?" Wangu akamwambia Philister. "Wamekula moja, unataka kuwaongezea ya pili. Haki ya Mungu, hata mimi nikilala nje, hiyo hutawapa."

Akaichukua fomu, akairarua mara nne, vipande akavitia ndani ya Biblia pamoja na barua yake yenye mhuri, akaelekea ngazini. Watu wakampisha. Philister akamkimbilia, akampata kwenye ngazi ya pili, akamshika mkono.

"Mama Njambi. Mama Njambi, pole. Njoo nyumbani kwangu. Leta watoto, tutabanana, kuna vyumba viwili..."

Wangu akautoa mkono wake, bila nguvu, kama mtu anayejitoa mwiba wa ua.

"Usinipe pole. Wala usinipe nyumba yako, sikuiomba. Kesho nitakuja kazini kwa sababu watoto wanakula. Lakini usiniongeleshe. Nina hasira na wewe, na sitaki uniambie niiache. Ikiisha nitakwambia mwenyewe."

"Itaisha lini?"

"Sijui," Wangu akasema. "Mimi nimengoja miaka kumi na miwili. Na wewe ngoja."